Caveat: neno la Kilatini linaloweza kusimamisha uuzaji wa nyumba

Katika mitaa ya Kimara, kama ilivyo katika vitongoji vingi vya Dar es Salaam, si ajabu kukuta ukuta umeandikwa kwa rangi, herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Mara nyingine mwandishi huongeza neno moja au mawili kwa ajili ya matapeli. Aliyeshika brashi si lazima awe ndiye mwenye hati. Huenda ni mke aliyesikia kwa jirani kwamba mumewe anatembeza picha za nyumba kwa madalali. Huenda ni watoto wa marehemu ambao baba yao mdogo ameanza kuleta wageni wanaopima uwanja kwa hatua. Hawana nguvu ya kumzuia kwa mikono, kwa hiyo wanazungumza na mnunuzi kupitia ukuta: wewe unayekuja na hela, angalia kwanza.

Serikali nayo ina ukuta wake wa kuandikia maneno ya namna hiyo. Ukuta huo ni daftari la Msajili wa Hati, na maneno yanayoandikwa pale huitwa caveat. Ni neno lililomo katika sheria zetu za Kiingereza, lakini si Kiingereza cha nyumbani. Mwingereza wa kawaida anaweza kukaa miezi bila kulitamka. Kwetu linasikika kwa mawakili, kwenye ofisi za ardhi, na zaidi kwenye ugomvi wa familia: "Mimi nimeshaweka caveat, tuone atauza vipi."

Wengi wanaolitamka hivyo, na wengi wanaotishwa nalo, hawajui hasa linasema nini. Yupo anayedhani ni hukumu. Yupo anayedhani akishaiweka, kiwanja kimekuwa chake. Yupo mke ambaye hajawahi kuambiwa kwamba sheria inamruhusu kuiweka, akaja kujua siku vyombo vyake viko nje. Njia fupi ya kuelewa kazi ya caveat ni kulifungua neno lenyewe, maana limebeba maelezo yake ndani.

Akae macho

Kilatini ni lugha ya Warumi wa kale. Walikuwa na kitenzi cavere, yaani kukaa macho, kujihadhari. Cavet maana yake ni "anakaa macho". Ukibadilisha irabu, cavet ikawa caveat, maana inageuka kuwa "akae macho", "na ajihadhari". Mswahili hapati shida kulielewa hili, kwa sababu lugha yetu inafanya mchezo uleule: anasoma, asome, anakaa, akae. Irabu ya mwisho imegeuka, na taarifa imekuwa agizo.

Kwa hiyo caveat katika asili yake si jina la kitu wala la karatasi. Ni sentensi nzima, na sentensi hiyo haisemi mali ni ya nani. Haisemi pia kwamba jambo fulani ni marufuku. Inasema tu kwamba kuna mtu anapaswa kufungua macho.

Ndugu wa karibu wa neno hili wanaonekana hadi leo katika mji wa Pompeii nchini Italia, uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79 baada ya Kristo. Kwenye mlango wa nyumba moja kuna picha ya mbwa aliyefungwa mnyororo, imetengenezwa kwa vijiwe vidogovidogo sakafuni, na chini yake maneno mawili: Cave canem. Jihadhari na mbwa. Bango la MBWA MKALI kwenye mageti yetu lina ujumbe huohuo, na wa Kimara kama wa Pompeii, bango lenyewe halimng'ati mtu. Linampa mgeni taarifa ili asije akasema hakujua.

Mzizi huo umezaa maneno mengine mnayoyasikia redioni. Kiingereza caution, tahadhari, kinatoka humo humo. Ndilo neno la sheria za mpira kwa onyo la kadi ya njano. Kwa Wafaransa caution imekuwa fedha ya dhamana, kama ile anayoweka mpangaji. Wanaochunguza asili ya maneno wanasema hata show, kuonyesha, ni binamu wa mbali, kwa sababu shina la kale kabisa lilihusu kuona na kutambua.

Halafu kuna ule usemi unaopendwa na mawakili, caveat emptor: mnunuzi na akae macho. Watu hudhani ni sheria ya Warumi kwa sababu ya mavazi yake ya Kilatini. Kumbe Warumi wenyewe walikuwa na amri za masoko zilizomtaka muuzaji wa watumwa au mifugo aseme kasoro za anachokiuza. Waliokazania zaidi kwamba mzigo ni wa mnunuzi ni wafanyabiashara na mahakama za Uingereza, karne nyingi baadaye.

Sentensi inageuka karatasi

Uingereza ya zamani mirathi ilisikilizwa na mahakama za kanisa, na uandishi wa mahakama ulikuwa wa Kilatini. Mtu aliyekuwa na wasiwasi kwamba wosia wa marehemu ungepitishwa bila yeye kujua, alipeleka karatasi kwa karani. Karatasi za aina hiyo zikaitwa kwa neno lake kuu: caveat. Kuanzia miaka ya 1500 Waingereza walikuwa wanalitumia kama jina la kawaida.

Mtindo wa kuiita hati kwa neno lake la Kilatini haukuishia hapo. Affidavit, hati ya kiapo, kwa Kilatini ni kitenzi: "ameapa". Subpoena, wito wa kumleta shahidi, ni "chini ya adhabu", yaani atakachokutana nacho asipokuja. Habeas corpus, amri ya kumleta mtu aliyeshikiliwa, ni "uwe na mwili". Ukisikia maneno haya mahakamani usione aibu kutoyaelewa. Hata Mwingereza anayasema kwa mazoea tu.

Maneno ya kimapokeo ya caveat ya mirathi yakitafsiriwa yanasema hivi: lisifanyike jambo lolote katika mali ya marehemu fulani bila kumjulisha fulani. Angalia uzito umekaa wapi. Haikusemwa "lisifanyike kamwe". Imesemwa "bila kumjulisha". Aliyeweka karatasi anaomba asifanyiwe jambo kisirisiri, na kwamba siku ya kuamua naye awepo aseme.

Tanzania Bara tumelirithi hilo katika Sheria ya Mirathi, Sura ya 352. Mwenye maslahi katika mali ya marehemu anaweza kuweka caveat kabla msimamizi hajathibitishwa, na mahakama haimpitishi msimamizi hivihivi mpaka mwenye caveat aitwe asikilizwe. Katika Mahakama ya Mwanzo, ambako mirathi nyingi za kawaida hufunguliwa, hutasikia Kilatini. Pale watu husema "pingamizi", na kila mtu anaelewa.

Simu uliyoshika

Tukiwa njiani, kuna kisa kimoja kinachohusu kifaa unachosomea makala hii. Marekani, katika karne ya 19, sheria ya uvumbuzi ilimruhusu mtu ambaye hajamaliza kazi yake aweke caveat katika ofisi ya hataza: niko mbioni kutengeneza kitu hiki, akija mwingine na kitu kama hicho mnijulishe. Tarehe 14 Februari 1876, mjini Washington, iliwasilishwa caveat ya Elisha Gray kuhusu chombo cha kupeleka sauti ya binadamu kwa waya. Siku hiyohiyo yaliwasilishwa maombi kamili ya hataza ya Alexander Graham Bell kuhusu simu. Tarehe 7 Machi mwaka huohuo Bell alipewa hataza, na dunia ikamjua yeye kama baba wa simu.

Ubishi kuhusu nani alitangulia kwa saa ngapi, na kama kulikuwa na mchezo mchafu ofisini, haujaisha mpaka leo. Kwa habari yetu yatosha kuona kwamba mmoja alikuwa na onyo mkononi na mwingine alikuwa na maombi ya haki yenyewe. Marekani iliachana na caveat za uvumbuzi mwanzoni mwa karne ya 20.

Kutoka melini hadi kwenye ardhi

Ardhi iliingia kwenye hadithi hii kupitia Australia. Robert Torrens, aliyekuwa ofisa wa forodha katika koloni la Australia Kusini, aliona jinsi meli zinavyosajiliwa: kuna daftari moja, kila meli ina ukurasa wake, na aliyeandikwa pale ndiye mwenye meli. Akauliza kwa nini ardhi isiwe hivyo. Wakati huo kuthibitisha umiliki wa shamba kulitaka rundo la mikataba ya zamani, na ikipotea mmoja mnyororo umekatika. Sheria aliyoipigania ilipitishwa mwaka 1858.

Daftari la namna hiyo lina nguvu na lina hatari. Nguvu yake ni kwamba mnunuzi anaangalia ukurasa mmoja. Hatari yake ni kwamba mtu mwenye haki ambaye jina lake halipo kwenye ukurasa anaweza kupitwa. Mke hayupo kwenye ukurasa. Aliyelipa nusu ya bei hayupo. Mtoto wa marehemu hayupo. Ndipo caveat ya kanisani ikachukuliwa na kupewa kazi mpya: kuweka alama kwenye ukurasa kwamba, kabla hujamwamini huyu aliyeandikwa hapa, kuna mwingine wa kumsikiliza.

Mfumo huo ulisambaa kwenye makoloni ya Uingereza. Uganda ilipata sheria yake ya usajili wa hati mwaka 1924. Tanganyika ilitungiwa ya kwake mwaka 1953, ambayo kwa mabadiliko ya hapa na pale ndiyo tunayoitumia Tanzania Bara mpaka leo kama Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, na haya tunayoeleza ni ya Bara.

Kifungu cha 78 cha sheria hiyo ndicho cha caveat. Kinasema mtu yeyote anayedai maslahi katika ardhi iliyosajiliwa anaweza kuiwasilisha kwa fomu iliyowekwa. Msajili anaiandika katika daftari na kumjulisha mwenye hati. Tangu hapo, uhamisho wowote unaopingana na madai hayo hausajiliwi mpaka aliyeweka akubali, au Mahakama Kuu iamuru vinginevyo. Mwenye hati naye hakufungwa mdomo. Anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba aliyeweka caveat aitwe aeleze kwa nini isiondolewe.

Mke, mume na neno "sikujua"

Sehemu yenye uzito mkubwa kwa familia nyingi haiko hata katika sheria ya ardhi. Iko katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59. Kinasema mume au mke anayemiliki nyumba ya ndoa haruhusiwi kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha wala kuiweka rehani wakati ndoa ipo bila ridhaa ya mwenzake. Kisha kinaongeza kwamba huyo mwenzake anahesabiwa kuwa na maslahi katika nyumba, maslahi yanayoweza kulindwa kwa caveat. Waliotunga sheria waliweka caveat na caution kwenye sentensi moja, ndugu wawili wa mzizi mmoja wa Kilatini.

Maslahi hayo hayategemei nani alitoa hela ya tofali. Hayategemei pia jina la nani liko kwenye hati. Yanategemea ndoa na kwamba nyumba ndiyo nyumba ya ndoa.

Lakini soma kifungu hicho mpaka chini. Kinasema nyumba ikiuzwa bila ridhaa, mwenza aliyerukwa anabaki na haki ya kuendelea kuishi humo mpaka ndoa ivunjwe au mahakama iamue vingine, isipokuwa aliyenunua aweze kuonyesha kwamba hakujua, na kwamba hata kwa uangalifu wa kawaida asingeweza kujua, kuhusu maslahi ya huyo mwenza. Hapa ndipo wake wengi wanapoangukia. Mnunuzi anasimama mbele ya baraza anasema, "Mimi sikujua kama ana mke, aliniambia yuko peke yake." Mume amekwishatumia hela. Kila mmoja ana karatasi yake, na mama ana watoto tu.

Caveat inamnyima mnunuzi neno hilo. Ikishakuwa kwenye daftari, hawezi tena kusema asingeweza kujua, kwa kuwa upekuzi wa siku moja ungemwonyesha. Ni bango la mbwa mkali tena. Kazi yake yote ni kuua kisingizio cha "sikujua".

Benki nazo zimebanwa kidogo. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, pamoja na marekebisho yake, inamtaka anayeweka nyumba rehani aseme kama ana mke au mume, na inamtaka mkopeshaji achukue hatua za kuhakikisha. Hilo halijafuta uongo. Wapo wanaopeleka benki "mke" wa siku moja kwenda kusaini.

Kitu ambacho caveat haifanyi

Kwanza, haikupi ardhi. Ukiiweka na usifanye lolote zaidi, umeweka onyo tu. Mwenye hati akikuita Mahakama Kuu utatakiwa uonyeshe una maslahi gani, kwa vielelezo: cheti cha ndoa, mkataba wa mauziano, risiti, barua ya mirathi. Kauli ya "kila mtu hapa mtaani anajua" haitoshi.

Pili, si ya kudaia madeni. Umemkopesha jirani milioni mbili kirafiki na amekwepa. Hasira yako ni ya haki, lakini deni lake halijakupa maslahi katika kiwanja chake. Nenda kadai deni. Mahakama nyingi zinazotumia mfumo huu, kuanzia Australia mpaka Uganda, zimeshikilia hivyo. Sheria ya Uganda inakwenda mbele: anayeweka caveat bila sababu ya msingi anaweza kudaiwa fidia na aliyeumizwa nayo. Kwa maoni yetu ni kanuni nzuri, kwa kuwa caveat ya kukomoana inaweza kumkwamisha mtu anayeuza kiwanja ili akatibiwe.

Tatu, haizuii mikono. Inazuia kalamu ya Msajili. Mtu akimwaga mchanga na kuanza kuchimba msingi, caveat haimtoi. Hapo unahitaji amri ya zuio la muda kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au mahakama. Na kumbuka kwamba tangu marekebisho ya mwaka 2021 Baraza la Kata halitoi hukumu tena kwenye migogoro ya ardhi. Linasuluhisha, na usuluhishi ukishindikana linatoa cheti cha kuendelea mbele.

Nne, na hii inagusa watu wengi kuliko zote, haifanyi kazi pasipo na hati.

Kimara yenye hati na Kimara ya karatasi

Kimara, ambayo zamani ilihesabiwa Kinondoni na sasa iko Manispaa ya Ubungo, ilijengwa kwa kasi kuliko upimaji. Mtu alinunua kipande cha shamba la mikorosho au minazi, akaandikiana na muuzaji mbele ya mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa, mashahidi wakaweka saini, akajenga. Vilima vyote vile vimejaa nyumba nzuri ambazo uthibitisho wake ni karatasi ya mauziano kwenye bahasha ya kaki. Karatasi hiyo ina thamani kama ushahidi wa mkataba. Lakini haina ukurasa kwa Msajili wa Hati, na pasipo na ukurasa hakuna pa kuandika caveat.

Ndiyo maana rangi ya ukutani haijaisha. Ni caveat ya asiyekuwa na hati.

Kwa mtu wa namna hiyo, linalofanana na caveat ni taarifa ya maandishi kwa ofisi ya serikali ya mtaa, maana ndiko wanunuzi wengi hupelekwa kuandikishiana. Andika nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Barua hiyo haina nguvu ya kifungu cha 78. Mwenyekiti anaweza kuidharau. Lakini siku ya baraza, muhuri na tarehe vitaonyesha kwamba taarifa ilitolewa kabla mauzo hayajafanyika, na mnunuzi aliyeuliza pale hatasema hakuambiwa. Kama mauzo yako karibu mno, usitegemee barua. Kimbilia baraza ukaombe zuio la muda.

Upande wa mnunuzi nao una somo la caveat emptor, tena zito. Dalali atakwambia, "Bosi wangu, hapa hamna mgogoro wowote, mwenyewe anasafiri tu ndiyo maana anauza bei hii, fanya haraka kabla hajaja mwingine." Penye hati, jibu lake ni moja: chukua namba ya hati, nenda ofisi ya ardhi, lipia upekuzi. Utaona jina la mmiliki, rehani kama ipo, na caveat kama ipo. Ufanye mwenyewe au kwa wakili wako, si kwa nakala aliyokuletea muuzaji. Na uufanye karibu na siku ya kulipa, kwa sababu caveat inaweza kuwekwa Jumanne baada ya wewe kupekua Jumatatu.

Hata daftari safi halimalizi kazi ya macho. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kando ya Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kiluvya, kupisha upanuzi wa barabara. Hifadhi ya barabara huwekwa na sheria, si na jirani anayeandika caveat, kwa hiyo ukitafuta onyo la namna hiyo kwenye ukurasa wa hati unaweza usilikute. Hilo huulizwa kwa mipango miji na kwa wenye barabara, na kwa wazee wa eneo pia.

Kwa walio kijijini

Wasikilizaji wetu wengi wako kwenye ardhi ya kijiji, inayoongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999. Huko hati ni ya hakimiliki ya kimila, na daftari lake liko kijijini, chini ya Halmashauri ya Kijiji. Usisafiri kwenda kwa Msajili wa mkoa kuweka caveat juu ya shamba la kimila, utarudishwa.

Kijijini kinga imewekwa mahali pengine. Kuhamisha hakimiliki ya kimila kunahitaji kibali cha Halmashauri ya Kijiji, na halmashauri inatakiwa kuangalia kwamba uhamisho huo haumwondolei mwanamke haki yake ya kukaa kwenye ardhi. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya kupata na kutumia ardhi. Kwa hiyo mama anayesikia shamba linatafutiwa mteja aende kwa mtendaji wa kijiji mapema na barua, aombe madai yake yasomwe kikao cha halmashauri kitakapokaa kujadili kibali. Baada ya kibali kutolewa, kazi inakuwa kubwa mara kumi.

Zuio au tahadhari?

Limebaki swali la jina la Kiswahili. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha mabadiliko yanayofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kuzitafsiri sheria ni kubwa. Caveat kwa sasa watu wengi wa ofisi za ardhi huiita zuio. Jina hilo ni fupi na linaeleweka, lakini linabeba zaidi ya lilivyo neno lenyewe. Ukiambiwa "kuna zuio" unafikiri hakimu ameshasema. Linachanganywa pia na zuio la muda la mahakama, ambalo ni amri kweli na kulivunja ni kosa.

Wakenya walikwenda njia nyingine. Sheria yao ya ardhi iliyosajiliwa ya mwaka 1963 ilitumia caution badala ya caveat, na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 imeendelea nayo, ingawa kazi ni karibu ileile. Caution kwa Kiswahili ni tahadhari tu. Tungeulizwa sisi, tungechagua hilo, "tahadhari ya hati", kwa sababu linarudisha neno karibu kabisa na lilikozaliwa, na halimdanganyi aliyeliweka kwamba ameshashinda kesi.

Nje ya ardhi na mirathi, Waingereza wanalitumia caveat kwa jambo jepesi zaidi: sharti au angalizo linalofuata baada ya kauli. Daktari akisema dawa inafaa, kisha akaongeza kwamba haijajaribiwa kwa wajawazito, hilo la mwisho ndilo caveat yake. Ukilikuta kwenye habari iliyotafsiriwa haraka, limeandikwa "zuio" mahali ambapo hakuna kilichozuiwa, soma "angalizo" na sentensi itakaa sawa.